Nilimshika Afisa Mkono

Jumatatu, 8 Septemba

Giaboksi tatu zimeingia leo. Moja mbovu. Nimemwambia arbab, mwenye duka, hakunisikia. Joto bado liko pale pale na Ras Al Khor yote, mtaa wetu wa maduka ya vipuri, yanuka oili. Wateja wawili, mmoja mbishi. Nimemmaliza kwa maneno matamu hadi akasahau alichokuwa akibishia.

Zuhura yuko zamu ya asubuhi, saa kumi atakuwa ametoka. Leo ni miaka miwili kamili tangu aje. Miaka sita ya kwanza ya ndoa yetu tulikuwa watu wa simu, yeye Kisauni, mimi hapa. Sasa ana kazi yake kwenye kliniki ya meno Oud Metha, viza yake mwenyewe, na sufuria zake ambazo sina ruhusa ya kuzigusa. Nimenunua samaki, changu wawili. Leo nitazigusa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimetoka. Siku mbili kituoni.

Ilikuwa hivi. Jumanne, kama saa nne asubuhi, tulikuwa tukipakua na pikapu yetu imeziba nusu ya barabara. Afisa mmoja kijana akasimama, akashuka, akatoa kifaa chake aandike faini. Nikatoka dukani na tabasamu. Assalamu alaikum. Akaitikia. Nikampa mkono, akaupokea. Sikuuachia.

Kwetu Mombasa ndivyo. Ukimshika polisi mkono huuachii. Unaongea huku umeushika, mnatembea polepole mpaka pembeni, mnaulizana nyumbani wapi, na mkifika pembeni kalamu imesharudi mfukoni. Nimemwona baba akifanya hivyo. Nimewaona ami zangu wote. Polisi wa kwetu ungemwachia mapema angekushangaa. Basi nikawa namwambia njoo kidogo tuongee, namvuta kivulini. Akavuta mkono wake. Nikakaza. Wasswa, Mganda ninayefanya naye kazi, akaita, "Mbarak, mwachilie huyo mtu!" Nilimsikia. Sikumwachia. Afisa akajinyakua, kiatu kikakanyaga oili iliyomwagika mlangoni, akaenda chini akiutanguliza mkono wa kulia.

Husemwa kuteleza si kuanguka. Huyu aliteleza na akaanguka, na kifundo cha mkono kikateguka.

Gari la pili lilifika sijamaliza kuomba radhi. Kituoni hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Walinipa maji baridi na kiti. Upole wao ulinitisha kuliko makofi, kwa sababu makofi nayajua mwisho wake.

Pasipoti yangu wanayo. Zuhura ameweka yake dhamana ili nitoke. Alikuja na sare ya kazi. Nimeoga mara mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeswali Ijumaa. Hotuba sikuisikia hata neno.

Arbab kaniita. "Khalas, Mbarak. Kazi fanya, lakini kaa ndani. Akija mtu wa serikali, atatoka Wasswa." Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa duka lile. Nimeona haya mbele ya Wasswa, naye akajifanya anahesabu boliti.

Jumatatu, 15 Septemba

Zuhura kanipeleka kwa Bi. Salha. Mzanzibari, mtu mzima, yuko nchi hii tangu msichana. Ana ofisi ndogo Oud Metha, anatafsiri karatasi za mahakama. Zuhura alimjua kwa meno yake ya bandia.

Kasoma karatasi ya mashtaka mara mbili, ya pili akifuata mistari kwa kidole. Kisha kanieleza kama mtu anayeeleza dawa. Kosa lenyewe ni kumtumia nguvu mtumishi wa umma akiwa kazini, kwa nia ya kumzuia asifanye kazi yake. Nia ndiyo roho ya kesi. Ikiwa haikuwepo, yaweza kuhesabiwa ajali, watu wakasameheana wakaenda zao. Ikiwepo, kuna kifungo, na mgeni akishahukumiwa hakimu ana uwezo wa kumrudisha kwao.

Nikamuuliza kama hakuna mtu wa kuongea naye.

"Hii sheria ya shirikisho, mwanangu. Hapa, Abu Dhabi, Fujeira, ni hiyo hiyo moja. Haina mjomba." Akavua miwani. "Wewe jibu unachoulizwa. Ulimpa mkono? Ndiyo. Kaanguka kwa oili? Ndiyo. Mbona hukumwachia? Hukumbuki. Basi. Habari za Mombasa usiwape, hawakukuomba."

Nikaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Zuhura, akamwambia, "Mumeo msemaji, namwona."

Jumatano, 17 Septemba

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu Zuhura sijamwambia.

Jela siiogopi sana. Naogopa ndege. Nikirudishwa, yeye viza yake haiguswi. Atabaki na kazi yake, na madam wake anayempenda, na kina dada wa kliniki wanaompigia simu hata Jumapili. Atabaki na chumba hiki cha Al Nahda, kabati lote lake. Nitakuwa tena mume wa kwenye kioo cha simu, "wanisikia? wanisikia?", mtandao ukikatika hasira zinabaki kwangu peke yangu.

Kuna jambo baya zaidi. Nashuku ataweza. Miaka ile sita ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikilia, yeye akinibembeleza. Kama anataka kubaki sijamuuliza na sitamuuliza. Jibu lolote litaniumiza.

Jumamosi, 20 Septemba

Mlinzi wa jengo kanisalimia kwenye lifti, kanyoosha mkono. Yangu yote miwili ilikuwa mfukoni na huko ikabaki. Kanitazama kama mtu mwenye kiburi. Ana sare, ndiyo sababu. Huyu bwana tunasalimiana mwaka wa tatu sasa na ni mtu mwema.

Jumanne, 23 Septemba

Wameita. Keshokutwa, ofisi ya mashtaka, saa tatu asubuhi. Zuhura kanipigia pasi shati jeupe, kisha akalipiga tena, na halikuwa na kunjo.

Sikumbuki. Sikumbuki. Nimelisema neno hili mara mia kwenye kioo cha bafuni.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimekwisha.

Mwendesha mashtaka ni mtu wa makamo, kanzu nyeupe, sauti ya chini. Kanikaribisha kahawa. Mkalimani Msudani, mzuri, Kiingereza changu chote kakifikisha. Ulimshika afisa mkono? Ndiyo. Kwa nini? Kumsalimia. Akaandika. Halafu akainua kichwa akauliza lile lile alilolisema Bi. Salha. Alipovuta, mbona hukumwachia?

Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sikumbuki. Nikamtazama. Uso wa mtu mwelewa. Nikasema moyoni, huyu unaweza kuongea naye.

Nikaongea. Nilimpa baba, ami, Mombasa, kivuli, kalamu inayorudi mfukoni. Nilimwonyesha kwa mikono yangu tunavyotembea. Alinisikiliza vizuri, hata akatabasamu mara moja, na lile tabasamu likanitia kichaa. Akauliza kama nilikuwa na kitu mkononi cha kumpa afisa. Nikaapa hapana, na ni kweli, sikuwa nacho. Akauliza, kwa hiyo ulitaka asiandike ile faini? Nikasema ndiyo, kidogo tu, mpaka tuongee.

Akaandika muda mrefu. Nikasomewa. Nikatia sahihi.

Nilitoka mwepesi, nimeridhika, mtu aliyeshinda hoja. Nilikuwa ndani ya metro nilipofahamu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, nia yangu ilikuwa nini, nami nimempa na matandiko yake. Mdomo huponza kichwa. Mama alinitilia pilipili ulimini kwa sababu hiyo nikiwa na miaka saba, na hakuzidisha.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimempigia Bi. Salha, nikamweleza yote. Kasema, "Haya. Umeshasema." Afadhali angenitukana.

Zuhura naye nimemwambia. Kauliza, "Ulisema kweli?" Nikamjibu nilisema kweli. Kasema, "Basi," akaenda kukunja nguo. Mgongo wake haukunieleza kitu.

Swali lake limekaa nami kutwa. Ningejua nilisema kweli kwa ajili ya kweli ningetulia, ningejiita muungwana. Lakini najijua. Nilisema kwa sababu nilitaka yule bwana anipende.

Alhamisi, 2 Oktoba

Bi. Salha kapiga, saa sita mchana. Afisa amesamehe haki yake. Kaandika maelezo mapya, na bandeji bado mkononi. Kaandika kwamba nilimsalimia vizuri, kwamba wazee wa kwao nao hushikana mikono muda mrefu, kwamba kilichomwangusha ni oili, na hadhani nilikusudia kumzuia.

Nimelia nyuma ya rafu za giaboksi. Wasswa kaniona, kaenda kuwasha kompresa ili wengine wasisikie. Mtu niliyemwangusha chini kanidhania mema, na mimi mwenyewe nimejichongea.

Bi. Salha hakuniacha nifurahi. Sasa faili lina karatasi mbili zinazopingana. Ya mwenye kuumia inasema sikuwa na nia. Yangu inasema nilikuwa nayo. "Yeye kasema kwa dhana, wewe umesema kwa yakini," kanambia. "Na haki ya serikali haisamehewi na afisa mmoja."

Jumatano, 8 Oktoba

Hakuna jipya. Nimemuuzia mtu pampu ya maji isiyo ya gari lake, karudi akinung'unika, nikambadilishia kimya. Wasswa kaniuliza kama naumwa.

Zuhura anachelewa kurudi siku hizi. Anasema zamu. Naamini. Nasikiliza lifti.

Jumanne, 14 Oktoba

Mahakamani leo haikufika dakika tano. Nina hatia. Kifungo cha mwezi mmoja, kimesimamishwa kwa ajili ya msamaha wa afisa. Kisha kuondolewa nchini. Neno la Kiarabu la kuondolewa nalijua, sikungoja mkalimani. Nilikuwa nimesimama, nikatafuta kitu cha kushika, nikashika koti la mtu, nikaliachia upesi.

Rufaa ipo. Bi. Salha kasema ukweli wake: itasomwa karatasi ile ile yenye sahihi ile ile. Sitakata. Nimechoka kusomewa maneno yangu.

Afisa alikuwepo, nyuma kabisa. Nilitaka kwenda kumshukuru. Nikamwinamishia kichwa kutoka mbali. Naye akainamisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Leo Zuhura kauliza. Tulikuwa tunakula, wali na maharagwe, hakuna aliyekuwa na njaa. Kauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wataka nirudi nawe?"

Nilitaka. Nataka sasa ninavyoandika. Nilitaka kumwambia acha kliniki, acha sufuria, twende, siwezi tena miaka ya simu, mimi ndiye dhaifu baina yetu na wewe wajua. Yote yalikuwa tayari. Mwaka mzima ningeweza kusema bila kupumua.

Nikasema, "Kaa."

Kaningoja. Ananijua, alijua kuna zaidi, kaweka kijiko chini kabisa akaningoja. Sikuongeza kitu. Baadaye kaenda jikoni akafungua bomba na hakuosha chombo chochote. Bomba lilitiririka muda mrefu. Nilibaki mezani, mikono juu ya meza, na sikwenda.

Jumatatu, 20 Oktoba

Arbab kanipa mkono wa kwaheri. Kasema akituma mzigo Mombasa nimsimamie kule. Huenda ni kweli. Wasswa kanipa kofia yake. Siku nzima watu wananipa vitu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ndege ni kesho asubuhi. Pasipoti yangu nitapewa uwanja wa ndege. Ya Zuhura imerudi jana, iko juu ya kabati.

Tumepanga saa. Yeye anapumzika saa saba na nusu, kwangu itakuwa saa sita na nusu, nitakuwa dukani kwa ami. Ijumaa tutaongea jioni. Kaandika kwenye karatasi, kaibandika mlangoni pa friji, ingawa mimi friji ile sitaifungua tena. Sanduku ni moja. Limefungika bila kukaliwa.

Katoka zamu kichwa kinamuuma, kajilaza na sare yake. Kasema nimwamshe saa kumi na moja tutembee kidogo chini, tule nje. Sasa ni kumi na moja na robo. Chumba kimenyamaza, hata jirani hapigi redio.

Sijamwamsha. Simuni nilimjua kwa sauti. Usingizini ana mkunjo mdogo juu ya nyusi ya kushoto ambao sikuwahi kuuona. Nimevuta kiti karibu. Nitamwamsha kumi na moja na nusu.