Mfereji Tuliouzika Chini ya Chumba Chako

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha barafu.
Jumanne, siku ya kumi na mbili tangu kimbunga.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi za majimaji kutoka kwa kaka yako, ambaye hajavaa soksi kavu tangu wiki ile ya juzi. Mgongo wako unaendeleaje? Na mkeo, shemeji yangu mpole asiyestahili adhabu ya kuolewa na wewe, hajambo? Watoto na wajukuu je? Na ile sukari yako imeshuka, au bado unaficha peremende mfukoni ukidhani hawakuoni?

Sisi huku ni wazima, kwa maana kwamba tunapumua. Shemeji yako anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua hata chembe. Mimi magoti yanalia kama bawaba za mlango wa zamani. Nimechoka, mdogo wangu. Hata kukaa kunanichosha.

Kabla sijasema la kusema: barua yangu ya mwisho uliirudisha ina kalamu nyekundu kila mstari. Hii usiisahihishe. Mimi niliishia darasa la nne, wewe ukaendelea, kwa sababu viatu vilikuwa jozi moja na miguu yako ndiyo iliyoingia.

Kimbunga bila shaka ulikisikia redioni. Redio ilisema upepo, haikusema maji. Upepo ulianza asubuhi tukiwa tunakunywa chai, na adhuhuri paa la kiwanda cha barafu lilikuwa limekwisha ondoka, sijui limekwenda kumwezekea nani. Alasiri bahari ikaingia mtaani bila kupiga hodi. Mtaani kwetu hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, na nasema hivyo bila utani.

Upepo ulituacha siku ile ile. Maji ndiyo yaliyobaki, kama mgeni aliyeambiwa karibu akaamini. Mtaa wetu unaukumbuka ulivyokaa kama sahani. Kwangu yalifika magotini. Kwa seremala, nyumba ile ya chini kuliko zote, yalifika mapajani, na kila asubuhi yalikuwa pale pale tulipoyaacha jana.

Tukawa tunapika sote chungu kimoja barazani kwa muuguzi mstaafu, maana baraza yake ndiyo pekee iliyoinuka. Mwanamke yule alistaafu kazi lakini hakustaafu amri. Maji yachemke, mikono ioshwe, na kila jioni anakagua miguu ya watu wazima kama ya watoto wa shule. Yangu aliikagua mbele za watu akasema, "Mzee Ndimu, hivi ni vidole au tangawizi?" Godoro langu lilianikwa juu ya bati la jirani likanuka mpaka kunguru wakahama.

Sasa nikueleze habari ya seremala. Ulimwacha hajaota ndevu, leo ana mvi. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, yale yasiyochomwa. Tofali la namna hiyo likikaa majini siku tatu bado ni tofali. Siku ya tano ni uji. Na mle ndani yumo mama yake, Bibi Randa, ambaye ulimi wake unajua unavyomchonga mtu. Mwaka huu alianguka akavunjika nyonga, hasimami. Mwanawe alipandisha kitanda chake juu ya meza mbili za kazi, bibi akawa analala karibu na dari kama mzigo ghalani. Hospitali iko ng'ambo ya daraja, na daraja halipo tena. Muuguzi alikataa asibebwe kupita katika maji yale yenye mashimo tusiyoyaona. Alisema wabebaji wakijikwaa tu, nyonga itavunjika mara ya pili, na kwa umri wake hatainuka tena.

Kwa hiyo ikawa hivi: ama maji yaondoke, ama nyumba imwangukie yule bibi.

Wanaume wakachimba. Walichimba upande wa kiwanda, maji yakaingia shimoni yakatulia. Wakachimba upande wa barabara, vivyo hivyo. Ikaletwa pampu, ikakohoa mara mbili ikafa. Mimi nilikuwa nawapelekea chai. Siku ya tatu muuguzi akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, wewe ndiye mkongwe hapa. Zamani maji yalikuwa yanatokea wapi?"

Nikamjibu, "Maji ya zamani yalikuwa na adabu. Yakiona watu wamechoka yanaondoka yenyewe."

Wakacheka. Seremala naye akacheka, jembe mkononi, tope mpaka kifuani. Mimi nikacheka kuwapita wote.

Wewe unajua nilichokuwa nakifunika kwa kicheko kile. Wenzetu wa siku zile wamekufa au wamehama, nikadhani duniani tumebaki wawili tunaojua, na mmoja yuko mbali. Miaka thelathini na moja imepita. Mfereji wa mtaa ulipita nyuma ya nyumba yetu kwenda baharini, na kwa kuwa mvua hazikuwa za maana miaka mitatu mfululizo, ukawa jalala. Wewe ulikuwa na mchumba na huna chumba. Tukaujaza kifusi cha ukuta wa kiwanda wiki nzima, mimi nasukuma toroli, wewe unashindilia, kisha tukamwaga sakafu juu yake. Watu walipouliza nikawaambia mfereji umekufa, tunauzika, leteni rambirambi. Wakacheka wakaenda zao. Miaka yote hii, mdogo wangu, nimekuwa nikiwachekesha watu ili waende zao.

Mvua za kawaida zilijipenyeza zenyewe huku na kule, nikasema moyoni, unaona, hakuna neno. Bahari nzima haikuweza kujipenyeza.

Utaniuliza kwa nini nilinyamaza. Aibu kwanza. Lakini pia barua yako ya mwezi wa pili. Uliandika unastaafu mwisho wa mwaka na unarudi kulala katika chumba chako. Nami nimekuandikia mara ngapi kwamba kipo, kimefagiliwa, kitanda kimefunikwa shuka? Nilikuwa nikikaa juu ya ndoo nikitazama ule mlango uliofungwa, najiambia labda kesho maji yatapungua na hapatakuwa na haja ya kusema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha mfereji nikazaa bwawa.

Siku ya tano ukuta wa karakana ya seremala ulilala chini na mbao zake zote. Ukuta wa chumba cha mama yake ukaanza kutoa tumbo.

Siku ya sita nilimpelekea Bibi Randa chai. Nilipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa ili tuonane uso kwa uso.

"Ndimu," akasema, "umekuja kunisalimia au kuniaga?"

"Nimekuja kukuposa. Mwanamke uko juu juu hivyo, nani hakutaki?"

Hakucheka. "Nyamaza kidogo usikilize."

Nikatega sikio. Udongo ulikuwa unadondoka majini kutoka ukutani, kipande, kitambo, kipande, kama mtu anayetema mbegu za chungwa.

"Ule mfereji mliuzika nikiwaona dirishani," akasema.

Ndoo ikatikisika chini yangu. Nikamuuliza mbona hajamwambia mwanawe.

"Mfereji ni wako. Akiusikia kwangu atakuja kwako na nyundo, wala hataanza na sakafu. Akiusikia kwako, labda ataanza na sakafu." Akanirudishia kikombe. "Chai yako haina majani ya kutosha. Nenda."

Nikaenda. Seremala alikuwa mlangoni pake akichota maji kwa beseni na kuyamwaga nje, yakirudi ndani kabla hajainua mgongo. Nikamwambia hapo hapo, majini, watu wanasikia. Nilisema maneno machache, na nimesahau niliyapanga vipi. Beseni lilimponyoka likaanza kuelea likienda zake.

"Siku sita, mzee," akasema. Hakupaza sauti. "Siku sita nakunywa chai yako."

Nilikuwa na majibu mawili ya utani tayari mdomoni. Nikayameza yote mawili, na bado hayajashuka.

Shemeji yako alikuwa nyuma yangu na sufuria. Miaka yote hiyo hakujua, maana nilimwoa mfereji umekwisha kuzikwa. Hakusema neno. Unamjua yule, afadhali angesema. Alitua sufuria barazani kwa muuguzi, akaenda kuleta ufunguo wa chumba chako.

Tulitoa vitu vyako. Kitanda kizima. Sanduku la vitabu lilikuwa limelowa nusu ya chini, kwa hiyo elimu yako imebaki kuanzia katikati kwenda juu. Picha ya arusi haikuguswa na maji. Kabati lilipasuka mgongo mlangoni. Hilo ni kosa langu, mimi ndiye niliyeamuru waligeuze kushoto.

Niliomba nipige mimi pigo la kwanza. Mtaimbo uliruka juu ya sakafu ukanirudi mabegani, sakafu haikuona hata haya. Seremala akaunyakua mkononi mwangu bila kunitazama, akapiga. Kuanzia hapo walipokezana wanaume wanane, na kifusi kilitoka jinsi tulivyokiweka, jiwe kwa jiwe. Ulishindilia vizuri, mdogo wangu. Laiti ungekuwa mvivu kama nilivyokuwa nakusema.

Kesho yake asubuhi wakafika chini. Kwanza likatoka povu, kisha harufu, sitakueleza harufu, kisha chumba kizima kikanguruma kama tumbo la mtu mwenye njaa. Maji yakaingia kwa mlango wako wa mbele yakatokea nyuma, yakaenda. Ukuta wa upande wa bahari ukajiangukia, ule mwingine tukauvuta wenyewe kabla haujaua mtu. Watu walisimama tu wakitazama. Hakuna aliyeshangilia, hatukuwa na nguvu hizo. Muuguzi peke yake alisema, "Wengine wana bafu ndani ya nyumba. Mzee Ndimu ana mto."

Adhuhuri ya siku ya nane tuliuona udongo wa njia. Watu wanne walimteremsha Bibi Randa, kitanda kikawekwa sakafuni. Alitazama huku na huku akasema kule juu alikuwa na majirani wema zaidi. Chumba chake kimesimama, kimeegemezwa miti mitatu. Karakana imekwenda. Misumeno na randa za seremala vimeota kutu, mbao zimepinda kama nyoka.

Usafi bado. Kila nyumba inatoa tope mlangoni, na likikauka linatimka linarudi dirishani. Shemeji yako ameanza kusema nami tena, kwa maneno mafupi: leta, sogea, wewe. Nami naleta, nasogea.

Juzi tulikutana wote, ikakubaliwa mfereji ubaki wazi, ujengewe mawe kando, na kusijengwe kitu juu yake tena. Wakaniuliza kama nakubali. Nimetia sahihi yangu, na kando yake nikaandika jina lako. Hukuulizwa, najua. Kwa hiyo chumba ulichokuwa unakirudia hakipo, na hakitakuwepo. Sebuleni pana nafasi ya kitanda chako, nimepima kwa hatua. Njoo vivyo hivyo. Usiponisamehe, njoo ugombane nami hapa hapa. Kugombana kwa barua kunachosha mkono.

Limebaki moja, ndilo lililonikalisha kuandika.

Seremala hanisalimii. Kila asubuhi anapita mlangoni kwangu na toroli la tope, mimi nimekaa barazani. Nasema, "Habari za asubuhi, fundi." Anamsalimia shemeji yako, ananiruka mimi kama dimbwi. Simlaumu, wala wewe sikulaumu. Jana nilimfuata nikaanza kumsaidia kunyoosha mbao, akaniachia kazi akaenda upande mwingine. Nikanyoosha peke yangu mpaka magoti yakakataa. Leo nitakwenda tena.

Ninalotaka kwako ni hili. Mwandikie. Wewe unajua kuandika, una maneno ya watu waliosoma, lakini usiyatumie. Usimweleze habari ya ukame wala ya mchumba. Usinitetee. Mwambie tu kwamba mkono ulioshindilia ulikuwa wako. Mimi nimemwambia upande wangu, na nilipofika kwenye upande wako nilinyamaza, nikaacha adhani nilikuwa peke yangu. Hilo nalo ni kumficha jambo, nami sina nguvu ya kuficha tena hata kitu kidogo kama wewe.

Mpe salamu shemeji yangu. Msalimie mwanao mkubwa, fundi wa simu, na binti yako mwalimu, na yule mjukuu asiyefumbua mdomo kwenye picha, mwambie babu yake mkubwa naye hana meno, asione haya. Bibi Randa anakusalimu. Anasema kutoka dirishani ulionekana una bidii.

Mungu akulaze pakavu wewe na wote ulionao, akupe na moyo wa kuishika kalamu hiyo leo, isiwe kesho.

Ni mimi, kaka yako akupendaye, nawe ukasirike utakavyo,

Mzee Ndimu