Mama Mkwe Anafuga Wadudu Mpakani

Dada Mshauri, nishike mkono kabla sijakosana na ukoo mzima, mimi ni mkulima wa kabichi na shamba langu ni safi kuliko sebule za watu, sina ua la mwitu wala jani la ziada, vichaka vya mpakani niling'oa vyote na dawa napiga kila wiki hata kama mdudu sijamwona, lakini vidukari wamenivamia, majani yanajikunja, nikizidisha dawa ndiyo kwanza wanazaana, wakati mama mkwe tuliyepakana naye hapigi dawa, anachanganya kabichi na vitunguu na maharage, ameacha kichaka cha maua kilichojaa nyigu, na kabichi zake zimefunga vizuri, kwa hiyo nimejua ndiye anayewafuga halafu wanakuja kula kwangu, Jumamosi anakwenda msibani nami nimepanga kukichoma kichaka, ila mke wangu amenusa mpango akaniambia, "Ukigusa kichaka cha mama, utalala na kabichi zako," naye hatanii, je, niseme moto umetoka wapi?

Mkwe Msafi

Mkwe Msafi,

Pole kwa kabichi. Pole yangu inaishia hapo.

Hebu nijibu: vidukari walale kwa mama mkwe, waache kabichi za mlangoni, waje kula kwako? Wamekupendea nini, usafi? Nyigu unaowachukia huwinda viwavi, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi hula vidukari kutwa. Wanahitaji maua na pa kujificha. Wewe umewavunjia nyumba, kisha ukawapulizia sumu. Vidukari huzaana upesi, wakarudi. Walinzi wako warudi wapi? Mchawi unayemtafuta amebeba bomba la dawa mgongoni, na amevaa viatu vyako.

Ukichoma kichaka hicho utaharibu mashamba mawili na ndoa moja. Rudisha kiberiti jikoni. Acha kupiga dawa kwa mazoea; kagua majani kwanza. Changanya mazao, na mpakani acha majani na maua yaote, hata kama macho yatakuuma. Msimu huu utapata hasara, vumilia, umeipanda mwenyewe.

Kisha, kabla ya Jumamosi, nenda kwa mama mkwe ukamwombe miche ya kichaka chake. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Atakucheka. Mwache acheke, mama wa watu amejizuia tangu siku ulipomposa binti yake.