Kitufe cha Sauti, Kitufe cha Chaneli

Jumatatu, 3 Machi
Alfajiri nimeita boti za chama chetu cha wavuvi redioni kuzipa habari ya upepo, kama kila siku. Nne zimejibu. Ya Saidi kimya. Upepo wa kusini umeshaanza. Mkewe, Mama Amina, kasimama mlangoni. Nimeogopa, sikumwonyesha.
Saidi kafika jua limepanda. Boti nusu maji, watu wote wazima.

Jumanne, 4 Machi
Redio yake haina ubovu. Ilikuwa kwenye chaneli nyingine. Mwenyekiti wa chama anasema ni uzembe. Ikitokea tena, Saidi atanyang'anywa redio. Upuuzi. Nani atamwonya basi?
Nimemuuliza Saidi anavyofanya. Wakikuta ndagala, dagaa wa ziwa letu, wengi hupunguza sauti, boti za jirani zisisikie zikawafuata. Giza, mikono ina maji, redio imo ndani ya mfuko wa plastiki. Na vitufe viwili vya kuzungusha, cha sauti na cha chaneli, vimekaa bega kwa bega, umbo moja. Kidole kitajuaje? Aliyeichora redio alikaa mezani, mchana, mikono mikavu. Kosa lilianzia pale.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekata mpira wa baiskeli, nimevisha kitufe cha chaneli pete nene. Sasa kinakwaruza na ni kigumu kuzungusha. Cha sauti nimekiacha laini.
Mtihani ufukweni: macho yamefungwa kwa kitenge cha Mama Amina, mikono imelowa, redio ndani ya mfuko wake wa plastiki. Naamuru: punguza sauti!
"Saidi, usikamue, hiyo si ng'ombe!" Mama Amina huyo.
"Niache mama, niko mu mtihani ya Mwalimu," kajibu mumewe. Mwalimu ndiye mimi.
Wavuvi wote wamefaulu. Mwenyekiti nikampa redio isiyo na pete. Kakosea mara mbili. Watu wamecheka mpaka wameshika mbavu, naye pia.
"Bon, sawa," kasema, "abaki nayo. Tutaona upepo ikikuja."
Nimeanza kueleza kazi ya vidole na ubongo. Wakatawanyika. Nimefurahi hata hivyo.

Jumapili, 9 Machi
Upepo umerudi kabla ya jua. Nimeita. Imejibu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne; zote nimeziambia zirudi. Kisha kimya kirefu. Nimeita tena.
Halafu mnong'ono wa Saidi: "Nakusikia Mwalimu. Ndagala iko mingi hapa, usipige kelele."
Nimemwambia aache samaki, aingie ufukwe wa Kigwena, ni karibu. Kaguna, katii.
Mama Amina, kando yangu, kacheka, kisha kafuta macho. Tumekunywa chai. Ziwa limechafuka, na hakuna wetu aliyemo.