Mbwa wa Polisi Ghorofa ya Nne

Jumapili

Na bado anajiita msomi! Kaka Mutua, miaka sabini na moja, goti limekataa ngazi, anaishi ghorofa ya nne Kileleshwa, na amejinunulia mbwa wa polisi. Mbwa wa kukimbiza wezi. Mwizi gani atapanda huko juu?

Halafu anamfungia bafuni mchana kutwa ati awe mkali, kama tulivyofanya nyumbani Machakos. Nyumbani tulikuwa na shamba! Mimi niliyeishia darasa la sita najua hilo, na nimeendesha lori hadi Kigali, nimeona mbwa wa kila aina.

Leo nimemkuta ameketi kwenye ngazi, suruali imepasuka gotini. Mbwa alimvuta, akaanguka.

"Huyu atakuua," nikamwambia. "Mzee hutafuta mbwa mzee mwenzake. Nimpeleke kwangu Kabiria, nina uwanja. Nitakuletea Bosi, mbwa wangu koko mvivu, kazi yake kulala."

"Wewe na ujuaji wako." Akapangusa goti lake. "Huyo Bosi, ukifungua mlango, huja kukupokea?"

Tangu mkewe afariki, nyumba ile...

"Huja mbio, Kaka," nikasema.

Uongo mtupu. Bosi haamki hata paa likianguka. Tangu saa moja jioni, hapa kwangu, natoka naingia mlangoni na kipande cha matumbo mkononi, namfundisha kupokea mtu, na huyu mjinga ananitazama tu.