Jina la Mrithi Kwenye Karatasi ya Kampuni

Mtaa wa 22, Medina,
Dakar.
11 Februari 1951

Mpwa wangu mpendwa Libasse Mbaye,

Mbaye, Mbaye, nakusalimu kwa jina la baba zako. Umeamkaje huko Marseille? Kifua chako kimepona au bado unakohoa? Kile chumba mnacholala kwa zamu, bado mko saba au mmepungua? Na yule mama mwenye nyumba anayewakataza kukaanga samaki, mzima? Sisi huku amani tu. Nikisema amani tu usidhani hakuna maneno. Maneno yapo, lakini salamu kwanza.

Mama yako mdogo, dada yangu Yacine, hajambo, ila goti linamsumbua na hataki kulikubali. Jumapili akipika wali wa samaki huuliza, sehemu ya Libasse ataila nani, kisha anaila mwenyewe. Kaburi la mama yako tulilisafisha kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mvua za mwaka jana zilikuwa za kutosha na mtama ulijaa.

Mimi macho yameingiwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari wa hospitali anasema tungoje yakomae. Kwa hiyo barua hii nasema mimi na mwingine anaandika. Mwandiko wake umekwisha kuutambua, kwa hiyo nisikupotezee muda.

Sasa habari ya nyumba. Pengine mabaharia wamekuletea uvumi. Serikali, manispaa na benki wamechanga hisa wakaunda kampuni ya kujenga nyumba za watu wa mishahara midogo. Nyumba za matofali ya saruji, zenye choo chake na bomba lake. Unaingia, unalipa kidogo kila mwezi, na baada ya miaka kumi na mitano ni yako. Tangu nizaliwe sijasikia Mzungu anamkopesha mtu mweusi nyumba, kwa hiyo mwanzoni nilicheka. Lakini wamejenga moja ya mfano karibu na barabara ya Ouakam, nimeingia, nimeugonga ukuta kwa ngumi. Ni nyumba kweli.

Kampuni ilitaka ardhi, na ardhi waliyoitaka ni mashamba ya wazee wetu nyuma ya Medina, pamoja na letu, lile bibi yako alilokuwa akilima mtama. Tulikaa barazani siku tatu. Tulichokubaliana ni hiki: kampuni ilipe fidia, na juu ya fidia, mrithi wa kila shamba apewe moja ya nyumba za kwanza bila kutanguliza hata faranga moja. Nilichaguliwa mimi kuwa msemaji wa wazee, labda kwa sababu niliwahi kuburuta mnyororo wa wapima ardhi miaka ishirini na miwili, labda kwa sababu nina mdomo.

Mchoro wao wa kwanza ungekuchekesha. Nyumba ya mume, mke na watoto wawili, jiko limefungiwa ndani, ua hakuna. Yacine alikuja mkutanoni bila kuitwa, akautazama mchoro, akamwuliza mkurugenzi, Bwana Garrigue, "Na mgeni atalala wapi? Na kondoo wa sikukuu atafungwa wapi, kitandani?" Mkurugenzi akaniuliza kondoo gani. Nikamweleza kondoo gani. Wiki mbili baadaye mchoro ukarudi na ua.

Yacine hakuishia hapo. Unavijua vyungu vya mizimu yetu, kwenye pembe ya shamba, pale mama yako alipokuwa akimimina maziwa ya mgando. Alimwambia mhandisi wajenge wanavyotaka, ila pale wasimwage saruji. Mhandisi ni kijana wa watu, hakubishana. Akapachora bustani ndogo nyuma ya nyumba namba kumi na nne, na tukakubaliana kwamba namba kumi na nne ndiyo ya ukoo wetu.

Libasse, hapa ndipo nilipokosea, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Fomu zilijazwa siku ya Ijumaa. Karani alikuwa Ndiaye mmoja wa Saint-Louis, na mimi ni Diop, kwa hiyo kabla ya kazi ilibidi tutaniane kwanza. Akasema, "Diop umefuata nyumba au umefuata wali wa harusi ya jirani?" Nikamwambia Ndiaye aliyeshiba hajapata kuonekana tangu dunia iumbwe. Tukacheka. Akauliza jina la mwenye shamba, nikataja langu. Akauliza mrithi, nikasema Libasse Mbaye, mtoto wa dada yangu.

Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mzee, wewe ni Diop na huyu ni Mbaye. Huna mtoto wa kiume?" Nikasema ninaye, Alioune, lakini shamba hili ni la watu walionyonya ziwa moja. Kutoka kwa mjomba linakwenda kwa mpwa. Kondoo wangu na cherehani yangu ni vya watoto wangu kwa sheria ya dini, shamba silo. Akanisikiliza vizuri kabisa, akitikisa kichwa. Kisha akaandika.

Adhana ya Ijumaa ilikuwa imekwisha kulia. Miwani yangu niliiacha nyumbani, na hata ningekuwa nayo isingenisaidia sana, na niliona aibu kumwomba Ndiaye anisomee, baada ya maneno yote yale ya utani. Nikatia sahihi na kwenda kuswali.

Karatasi iliporudi na muhuri, mrithi aliyeandikwa ni Alioune Diop. Kumbe karani aliona Wazungu watafikiri tunadanganya, akaamua kutusaidia. Kwa Ndiaye huo ulikuwa wema.

Alioune ndiye aliyeipokea, mimi nikiwa Rufisque kwenye mazishi. Aliposoma jina lake alidhani nimefanya kwa makusudi. Unamjua alivyo, hakuuliza. Nimerudi nimekuta mke wake Soukeyna amekwisha kwenda kwenye ile nyumba ya mfano na uzi, amepima madirisha, amenunua kitambaa na kukishona mapazia. Wanalala wanane kwenye chumba cha mbao, na paa tunalifunika kwa mabati ya makopo. Usiku ule watoto walikuwa wakigombana nani atalala upande wa bomba.

Sikusema kitu siku nne. Nakuambia ukweli, mpwa wangu, nilitaka kunyamaza. Nilijiambia uko mbali, miaka sita hujarudi, labda umeoa huko na hutaki kutuambia. Nilijiambia Alioune naye kwa mjomba wake mzaa mama hana la kurithi, maana shamba lao lilichukuliwa wakati wa vita likafanywa uwanja wa kutua ndege. Kwa mjomba amekosa kwa sababu shamba halipo, na kwangu amekosa kwa sababu ni mwanangu. Nililiona jambo hilo ni zito na bado naliona zito.

Yacine ndiye aliyenishtua. Hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele, akaniuliza kama nimemwandikia Libasse. Nikasema bado. Akasema, "Basi siku ukifa nitawaambia watu wamzike mtu aliyemwibia marehemu dada yake." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikamwita Alioune nikamwambia. Nilidhani atagomba. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama Soukeyna ameshaambiwa. Nikasema hapana. Akasema atamwambia yeye. Nilimwona akitoka na nikajiona mdogo, mimi niliyesimama mbele ya wakurugenzi bila kutetemeka.

Mkutano wa kuizindua kampuni ulikuwa Alhamisi iliyopita, ukumbi wa manispaa, viti vya velveti, maji ya limau kwenye meza. Walipofika kwenye habari ya mashamba nikasimama, nikasema karatasi yangu ina kosa na kosa ni langu, sikuisoma. Bwana Garrigue akasema imeshapigwa muhuri. Nikasema muhuri naujua, nimewabebea wapima ardhi miaka ishirini na miwili, huwa unapigwa tena. Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema kwa nini nisumbuke, mwanangu si ndiye mwanangu, na huyo Mbaye yuko ng'ambo. Nikamjibu kwamba huyo Mbaye yuko ng'ambo kwa sababu ya meli zao, na mama yake amezikwa hapa.

Wakanong'onezana. Mwisho wakaamua hivi: wamenipa karatasi mpya, mahali pa mrithi hapana kitu. Mrithi halisi aandike kwa mkono wake jina la atakayeichukua namba kumi na nne, atie sahihi, irudi kabla ya mwisho wa Machi. Isiporudi, nyumba itatolewa kwa mtu mwingine kwenye orodha, na fidia tu ndiyo itabaki.

Karatasi hiyo nimeikunja ndani ya barua hii. Iangalie isilowe.

Sikuombi umwachie Alioune. Nilikaa juma zima nikitafuta namna ya kukuomba bila kuonekana naomba, nikaona namna zote ni uongo. Haki ni yako. Una miaka thelathini na nne, kifua kibovu, na kitanda unachoachiana na wenzako. Siku utakayochoka na mashine za meli unatakiwa uwe na mlango wa kufungua. Ukiandika jina lako, nitakaa humo mimi na Yacine, tukutunzie mpaka uje, na malipo ya mwezi tutayatafuta. Ukiandika jina jingine, ni neno lako na hakuna atakayekuuliza. Ninachokukataza ni kuiacha tupu kwa kuona haya. Mimi haya ndiyo iliyonifikisha hapa.

Na mimi nakuomba radhi. Siku nne zile nilikunyima haki yako moyoni, ingawa wewe hukujua. Sasa unajua.

Yacine anakusalimu na anasema uvae flana mbili. Soukeyna anakusalimu, watoto wote sita wanakusalimu, huyo wa mwisho hujamwona, anaitwa Coumba kwa jina la mama yako. Karani Ndiaye naye, ukitaka kujua, alikuja nyumbani kuomba msamaha na alikula sinia nzima. Mungu akufunike huko baridini, akuondolee kohozi, na asiniite kabla sijausikia mguu wako uani.

Ni mimi mjomba wako, kaka wa mama yako, ninayekupenda kuliko ninavyojua kusema,

Massamba Diop

Mtumwa wangu Libasse,

Baba amekwenda kulala. Maneno yote ya juu ni yake, sikuongeza wala kupunguza, hata pale aliponitaja. Alitaka kumwita mwalimu wa jirani aje kuandika, nikamwambia hapana, nitaandika mimi, ili ukiona mwandiko wangu ujue kwamba najua.

Tangu utotoni nakuita mtumwa wangu, kwa haki ya utani wa mtoto wa mjomba kwa mtoto wa shangazi, na hujawahi kunishinda kwa maneno. Sasa mtumwa ana nyumba ya saruji na bwana wake analala kwenye mbao. Cheka, ni zamu yako.

Soukeyna anasema mapazia tutakutundikia hayohayo. Amehakikisha kwenye mchoro, madirisha ya namba kumi na nne yana kipimo kilekile.

Alioune