Ulitaka Mbwa Mkali

Mume wangu,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ya kidonda iko juu ya friji. Badilisha bendeji kabla ya kula.

Leo asubuhi, kwa yule mfugaji, ulimpiga teke kila mbwa ati ujue yupi mkali. Wote walinywea, isipokuwa yule jike wa kahawia aliyekurukia akakuchana kiganja. Ukamtwanga kwa mpini wa jembe mpaka akatema damu. Nilipokuzuia, ukaniinulia mimi mpini huo. Hukunipiga, lakini macho yako niliyaona.

~~Nimekwenda kwa mama.~~ Nimekwenda kumchukua yule jike. Si tulisema mbwa wetu wa kwanza tutamchagua pamoja? Basi ndiye huyo.

Atalala chumbani na mimi. Wewe jifunze kupiga hodi.

Mkeo