Kile Mayu Alichokizika

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Babu yako anakohoa kidogo tu, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Unauliza kama niliogopa nilipopasuliwa kidole tumbo, maana nawe utatolewa uvimbe wiki ijayo. Niliogopa. Nilikuwa bado msichana wa shule. Lakini nilipozinduka pale hospitali ya misheni, Geita, nilimkuta Mayu, mama yangu, anamdai daktari kile alichokikata. Kwetu kilichotoka mwilini huzikwa nyumbani.

"Naomba nikione kwanza," nikasema. Nilitaka sana kujua ndani yangu mlikuwa na nini.

Daktari akaleta chupa. Mayu akainama, akachungulia, akaangua kicheko.

"Kumbe ni haka? Kama funza! Ndiko kalikotaka kuniliza?"

Nami nikacheka, mshono ukanikanya. Hofu haikurudi tena, nilikuwa nimekiona.

Mayu alikizika nyuma ya ghala. Mpaka leo nikipita pale hujiuliza kama ni mimi niliyelala pale, au la.

Muulize daktari wako kila kitu. Akikubali kukupa huo uvimbe, niletee. Jembe bado lipo.

Bibi yako